Likasi: Jina moja, depo mbili. Mlango ambao mafundi wa programu wanauacha wazi bila kujua

LIKASI, Haut-Katanga. Fundi wa programu akianza kazi mpya, jambo la kwanza analofanya si kuandika. Anafungua dirisha jeusi kwenye ordinatere yake, anaandika maneno mawili, npm install, kisha anangoja. Mega zinaanza kuliwa. Mistari inapita kwenye skrini mmoja baada ya mwingine, mia, mia mbili, na hakuna anayeisoma. Baada ya dakika chache, kama umeme haujakatika, kila kitu kimeingia ndani ya mashini: vipande vya programu vilivyoandikwa na watu asiowajua, katika nchi ambazo hajawahi kufika.

Swali ambalo karibu hakuna anayejiuliza wakati huo ni hili: kila kipande kimetoka depo gani?

Mwaka 2020, mtafiti wa usalama kutoka Romania, Alex Birsan, alijiuliza swali hilo. Jibu lake lilimfikisha ndani ya mashini za Apple, Microsoft, PayPal na makampuni mengine, zaidi ya 35 kwa jumla, bila kuvunja neno la siri hata moja. Njia aliyopita haijazibwa kabisa. Bado iko wazi kwa yeyote aliyepanga vibaya depo zake. Na mpangilio unaoifungua ndio ule ambao timu ndogo katika mji kama Likasi, penye mega za bei kali, itauchagua kwa urahisi, tena ikidhani inafanya jambo la akili.

Mtoto anayetumwa dukani

Hakuna fundi anayejifyatulia matofali yote ya nyumba yake. Programu za leo ni vilevile. Kipande cha kuhesabu tarehe kipo tayari, cha kusoma picha kipo, cha kutuma ujumbe kwa telefone ya mteja kipo. Vipande hivyo vinaitwa vifurushi, na vinakaa kwenye depo kubwa za watu wote. Wanaoandika kwa lugha ya JavaScript wanachukua npm, yenye vifurushi zaidi ya milioni 2. Wa Python wanachukua PyPI, yenye zaidi ya nusu milioni. Wa Ruby wana RubyGems. Kuchukua ni bure. Kuweka pia ni bure: mtu yeyote, popote alipo, anafungua akaunti na kuweka chake, kwa jina lolote ambalo halijachukuliwa.

Anayeleta mizigo ni programu ndogo, tumuite mjumbe. Mjumbe wa JavaScript anaitwa npm kama depo yake, wa Python anaitwa pip. Ni kama mtoto unayemtuma dukani na karatasi mkononi: anasoma jina, anatafuta, analeta. Hakuulizi kama huyu Mama Odette ndiye yule uliyemfikiria. Tena kila kifurushi kina karatasi yake cha kuomba vingine, kwa hiyo unaomba kitu kimoja na unaletewa mia.

Ukubwa wa utegemezi huu ulionekana mwezi wa 3 mwaka 2016. Fundi mmoja, Azer Koçulu, aligombana na kampuni ya Kik juu ya haki ya kutumia jina kik kwenye npm. Depo ilipowapa kampuni jina hilo, yeye aliondoa vifurushi vyake vyote. Kimoja kiliitwa left-pad, mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi upande wa kushoto wa neno. Miradi maelfu duniani ikakwama siku hiyo, mingi yake ikiwa ya watu ambao hawakuwahi hata kusikia jina la left-pad. Ugomvi wote ulikuwa juu ya jina. Inafaa kulikumbuka hilo, maana tatizo letu la leo pia ni la jina.

Namba kubwa inashinda

Tuchukue mfano wa kubuni. Vijana watatu mjini Likasi wanatengeneza programu kwa ajili ya depo ya kununua madini. Lori linapanda kwenye mzani, programu inaandika uzito, kiwango cha shaba kilichopimwa, jina la muuzaji, kisha inatuma malipo kwa telefone. Hesabu ya bei ni siri ya nyumba, kwa hiyo wamejiandikia kifurushi chao na kukiita bei-shaba. Hawakukiweka npm. Kiko kwenye depo yao ndogo ya ndani, kwenye ordinatere moja ofisini. Toleo lake ni 1.2.0.

Sasa mtu mwingine, mahali popote duniani, analijua jina hilo. Jina tu, hajui hata mstari mmoja wa yaliyomo. Anaenda npm, anaweka kifurushi kinachoitwa bei-shaba, toleo 99.0.0. Siku inayofuata kijana mmoja ananunua ordinatere mpya, anaandika npm install, na mjumbe anajikuta mbele ya vitu viwili vyenye jina moja, kimoja ndani, kingine nje. Katika mipangilio mingi anafanya lile alilofundishwa: anachukua chenye namba kubwa, akiamini kwamba namba kubwa ndiyo mpya, na mpya ndiyo bora. Kama karatasi ya vijana inasema "toleo lolote linaloanza na 1", mwizi hapotezi usingizi. Ataandika 1.99.0.

Katika mji wa madini jambo hili halihitaji maelezo marefu. Gunia la heterogenite likishamwagwa kwenye rundo, hakuna jicho linaloweza kusema limetoka shimo gani. Ndiyo maana wanunuzi wa kobalti wa ng'ambo wanadai karatasi zinazofuata mzigo tangu chimbuko lake. Maandishi juu ya gunia ni neno la aliyeyaandika, na jina la kifurushi ni hivyohivyo. Tofauti ni kwamba gunia la madini linangoja ufungue, wakati kifurushi cha npm kinaweza kuwa na amri inayojiendesha yenyewe wakati kinawekwa, hata kabla fundi hajakitumia. Vya Python pia vinaweza. Kumbe dakika ile ya kungoja mistari ipite ndiyo dakika ya hatari.

Waandishi wa mambo ya usalama wanaita shambulio hili mkanganyo wa utegemezi. Jina ni zito kuliko kitu chenyewe: mjumbe amechanganya depo.

Alichokifanya Birsan

Habari ilianza na mwenzake, Justin Gardner, aliyemwonyesha faili ya programu ya ndani ya PayPal iliyokuwa imeonekana kwenye GitHub, mahali mafundi wanapohifadhi kazi zao. Ndani yake kulikuwa na package.json, yaani ile karatasi ya mjumbe. Majina mengine kwenye orodha yalikuwa ya vifurushi vya wote. Mengine hayakuwepo npm kabisa, dalili kwamba ni ya ndani ya PayPal.

Birsan akafikiri: je, mimi nikiyaweka npm?

Aliandika vifurushi vyenye majina hayo. Ndani hakuweka kitu cha kuharibu. Kila kifurushi kikiwekwa kwenye mashini kilisoma mambo machache tu, jina la mtumiaji, jina la mashini, folda kilipo, kisha kikamtumia. Njia ya kutuma ndiyo iliyokuwa ya ujanja. Makampuni makubwa yanafunga milango ya kutoka kwenye mitandao yao, lakini karibu yote yanaacha DNS ipite, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Birsan aligeuza taarifa zake kuwa herufi na tarakimu, akazificha ndani ya maswali ya DNS yanayouliza anwani iliyo chini yake mwenyewe. Mlinzi langoni aliona mtu anayeuliza njia, akampisha.

Kisha akaanza kutafuta majina ya makampuni mengine. Hayakuwa yamefichwa sana. Tovuti nyingi zinatuma kwa mgeni faili za JavaScript ambazo ndani yake bado kuna orodha ya vifurushi vya ndani, kama fundi aliyesahau karatasi ya manunuzi ndani ya ukuta. Shopify ilinaswa na kifurushi cha Ruby kilichoitwa shopify-cloud: saa chache tu baada ya Birsan kukiweka, mashini za kampuni zilikichukua zenyewe. Walirekebisha ndani ya siku moja, wakamlipa dola 30,000. Apple ililipa dola 30,000, PayPal vilevile. Microsoft ilitoa dola 40,000. Jumla yake ilipita dola 130,000. Kati ya majibu yaliyomrudia, kama asilimia 75 yalitoka kwa vifurushi vya npm, ingawa yeye mwenyewe alionya kwamba hiyo haimaanishi Python na Ruby ni salama zaidi.

Alitangaza yote tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 2021. Kuna jambo moja ambalo vijana wanaopenda hadithi za namna hii wanaliruka haraka: makampuni aliyoyajaribu yalikuwa yametoa ruhusa, ama kwa tangazo la wazi la kuwalipa wanaofichua makosa, ama kwa makubaliano. Bila ruhusa hiyo, kazi hiyohiyo ingekuwa kosa la jinai. Nchini Congo pia: Code du numérique, sheria iliyotolewa kwa ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, inaadhibu kuingia katika mfumo wa mtu bila haki, na haiulizi kwanza kama uliiba au ulikuwa unajaribu tu.

Walioiga, na Noeli ya PyTorch

Wengine hawakungoja ruhusa. Ndani ya wiki chache baada ya tangazo la Birsan, mamia ya vifurushi vya kuiga yalimwagika npm. Vingi vilikuwa vya watu waliotafuta zawadi kama yake. Lakini mwezi wa 3 mwaka huohuo walinzi wa kampuni ya Sonatype walikuta vingine, vyenye majina ya kuwalenga Amazon, Lyft, Slack na Zillow, ambavyo havikuwa mchezo. Vilijaribu kuchukua faili ya Linux inayohifadhi maneno ya siri yaliyofungwa, na historia ya amri ambazo mtumiaji amewahi kuandika. Yeyote aliyewahi kuandika neno lake la siri moja kwa moja kwenye dirisha jeusi, kwa haraka, anaelewa hiyo historia ina nini.

Mfano mkubwa zaidi ulikuja mwisho wa mwaka 2022, na uliwapata watu wa akili bandia. PyTorch ni mkusanyiko wa zana za kufundisha ordinatere, ulioanzia Meta, kampuni ya Facebook, na mwaka huo ulikuwa umehamia chini ya Linux Foundation. Una toleo la kawaida, na toleo la majaribio linalotoka kila usiku. Toleo la usiku lilihitaji kifurushi kimoja kiitwacho torchtriton, kilichokuwa kwenye depo ya PyTorch wenyewe. Kwenye PyPI, depo ya wote, jina hilo lilikuwa halina mwenyewe.

Mtu akalichukua. Kuanzia tarehe 25 hadi 30 mwezi wa 12, kila aliyeweka toleo la usiku kwenye Linux kwa kutumia pip aliletewa torchtriton ya PyPI badala ya ile ya kweli. Kifurushi cha uongo kilisoma jina la mashini na orodha ya watumiaji, kikachukua funguo za SSH, zile ambazo fundi anatumia kuingia kwenye seva za mbali, pamoja na faili ndogo hadi 1,000 kutoka folda ya nyumbani ya mtumiaji. Vyote vikatoka kwa njia ya DNS, ileile ya Birsan. Kilikuwa kimepakuliwa zaidi ya mara 2,300. Waliokuwa wakitumia toleo la kawaida la PyTorch hawakuguswa.

PyTorch walifuta torchtriton kwenye orodha yao, wakaibadilisha kuwa pytorch-triton, na jina hilo jipya wakalishika wenyewe kwenye PyPI kabla mtu mwingine hajafika. Huu ni mradi wenye mafundi wa daraja la juu kabisa duniani, karibu miaka miwili baada ya Birsan kueleza kila hatua hadharani. Mimi sioni uvivu hapo. Naona kwamba kosa hili halionekani wakati kazi inakwenda vizuri. Depo mbili zinaweza kukaa pamoja miaka bila shida, mpaka siku mtu anapoona jina tupu.

Kwa nini Likasi inahusika

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya California. Hapa watu wanatafuta kuuza shaba na kulipa masomo ya watoto.

Lakini angalia makuta yanapita wapi siku hizi. Ada za shule, mishahara ya vibarua, malipo ya maduka ya dawa, hesabu za wanunuzi wa madini kati ya Likasi, Kambove na Lubumbashi: mengi yanapita M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na nyuma yake mara nyingi kuna programu iliyoandikwa na kijana mmoja au wawili. Ili programu ilipe kwa niaba ya mteja, inahitaji funguo maalum, mistari ya herufi inayosema kwa kampuni ya telefone "huyu ana haki ya kutoa pesa kwenye akaunti hii ya biashara". Funguo hizo zinakaa wapi? Mara nyingi kwenye faili ndogo iitwayo .env, ndani ya folda ya kazi, kwenye ordinatere ileile inayoandika npm install. Kifurushi kama kile cha torchtriton hakihitaji zaidi ya hapo. Patroni wa depo hatajua chochote mpaka akaunti iwe tupu, na mtu wa kwanza kutuhumiwa atakuwa kijana aliyeandika programu.

Halafu kuna suala la mega. Mradi wa kawaida wa JavaScript unaweza kumeza mamia ya megabaiti kila unapowekwa upya. Timu ya watu watatu wenye mashini tatu inalipa mara tatu. Kwa hiyo wanatafuta njia. Wengine wanabeba folda nzima kwenye kle, kutoka mashini hadi mashini, na hapo wanabeba pia chochote kilichojificha ndani. Wengine, walio makini zaidi, wanaweka depo ndogo ofisini kwa programu ya bure kama Verdaccio. Kifurushi kikiletwa mara moja kutoka npm, depo ndogo inakitunza. Mashini ya pili na ya tatu zinakichukua ofisini, bila mega. Tena hapohapo wanaweza kuweka vifurushi vyao wenyewe. Ni suluhisho zuri, na fundi anayelipangia vizuri anastahili kusifiwa.

Shida iko kwenye mpangilio ambao Verdaccio inakuja nao. Faili yake ya mipangilio, tangu mwanzo, inasema kwamba jina lolote linaloombwa linatafutwa pia npm. Lolote. Mstari unaohusika una neno proxy: npmjs. Maana yake vifurushi vya ndani na vya nje vyenye jina moja vinaunganishwa katika orodha moja, na mjumbe anaona namba tu. Depo iliyowekwa kuokoa mega ndiyo inageuka mahali pa kukutanisha bei-shaba ya kweli na ya uongo. Dawa ni mistari michache: juu ya kanuni ya jumla, andika kanuni ya majina yenu wenyewe, bila mstari wa proxy. Lazima iwe juu, kwa sababu Verdaccio inasoma kanuni kwa mpangilio na kufuata ya kwanza inayolingana.

Kwa Python mtego unafanana. Fundi mwenye depo ya ndani anaambia pip iiongeze kwa kutumia --extra-index-url. Neno hilo la "extra" linadanganya. Mtu anadhani ameiambia pip itafute ndani kwanza, kumbe ameiambia itafute kote na kuchukua toleo kubwa. Chaguo la --index-url, peke yake, linaelekeza depo moja tu. Mjumbe mpya zaidi wa Python, uv, ameshajifunza: kwa kawaida yake akikuta jina kwenye depo ya kwanza, haendi ya pili.

Majina yasiyowahi kuwepo

Kuna ndugu mdogo wa shambulio hili, na kwa vijana wanaojifunza peke yao nadhani ndiye wa kuogopwa zaidi. Wanafunzi wengi wa informatiki wanauliza programu za akili bandia ziwaandikie. Programu hizo wakati mwingine zinabuni jina la kifurushi kisichokuwepo kabisa, kwa uhakika wote, kama mtu anayekuelekeza njia asiyoijua ili asionekane mjinga. Watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani walijaribu programu 16 za namna hiyo, wakazifanya ziandike vipande 576,000. Karibu kifurushi kimoja kati ya vitano vilivyotajwa hakikuwepo, na majina ya kubuni tofauti yalikuwa 205,474.

Mengine yanarudiarudia kila unapouliza, kwa hiyo mwizi anaweza kuyategea. Mtafiti Bar Lanyado alijaribu: jina huggingface-cli lilikuwa likitajwa mara kwa mara na programu hizo, akaliweka PyPI kama kifurushi kitupu. Ndani ya miezi mitatu kilipakuliwa zaidi ya mara 30,000. Kilikuwa kitupu kwa sababu yeye aliamua kiwe kitupu.

Kinachofanywa na waliojifunza

Ulinzi wenye nguvu zaidi ni kulipa jina mwenyewe. npm inaruhusu majina yenye alama ya @ mbele, kama @kampuniyetu/bei-shaba, na hakuna anayeweza kuweka kitu chini ya @kampuniyetu isipokuwa aliyepewa haki na wenye jina. Kwenye faili ya .npmrc unaandika mstari mmoja unaosema kila kitu cha @kampuniyetu kinatoka depo ya ndani, basi. PyPI haina majina ya namna hiyo, kwa hiyo watu wa Python wanashika jina la wazi kwa kuweka kifurushi kitupu, kama PyTorch walivyofanya, ila kabla ya msiba.

Pili ni faili ya kufuli, package-lock.json, ambayo vijana wengi wanaifuta wakiona inaleta ugomvi. Ndani yake kuna anwani ya depo ambako kila kifurushi kilitoka, na alama ya hesabu ya yaliyomo, iliyo kama alama ya kidole. Ukitumia npm ci badala ya npm install, mjumbe analeta kilekile kilichoandikwa, na alama isipolingana anagoma. Kwa Python, --require-hashes inafanya kazi hiyo. Kufuli halisaidii siku unapoongeza kifurushi kipya au kupandisha toleo. Siku hiyo soma mistari.

Kuna pia --ignore-scripts, inayokataza vifurushi vya npm kujiendesha wakati vinawekwa. Baadhi ya vifurushi vya halali vitakataa kufanya kazi, na fundi atalalamika. Na funguo za malipo, kama hakuna lingine linalowezekana mwezi huu, zihamishwe kutoka mashini ya kuandikia hadi seva peke yake, huku kwenye mashini zikibaki funguo za majaribio zisizoweza kutoa hata franga moja.

Kwa patroni asiyejua mambo haya, ambaye amelipa kijana amtengenezee programu ya depo, duka la dawa au shule, yako maswali mawili ya kumuuliza bila aibu: vifurushi vyetu wenyewe vinaitwaje, na ukiyatafuta majina hayo kwenye npm au PyPI unakuta nini? Kutafuta kunachukua dakika tano kwenye telefone. Jina likiwa halina mwenyewe huko, lishikwe leo. Likiwa tayari na mtu, na mtu huyo si wenu, mashini zote zichunguzwe na funguo zote zibadilishwe kabla ya malipo yanayofuata. Kufungua jina la @ kwenye npm hakulipishwi kwa anayeweka vifurushi vya wazi. Kinacholipishwa ni kuhifadhi huko vile vya siri, na hivyo tayari viko kwenye depo ya ofisini.